Kosa Linalokataliwa na Kosa Linalotiiwa: Kufundisha Usimikaji wa Mfumo Endeshi kwa Mstari wa Amri

Shabaha ya makala

Makala hii inakusudia kumsaidia mwalimu mwanafunzi kuandaa na kufundisha masomo matatu yanayohusu kusimika mfumo endeshi mdogo katika kompyuta kwa kuandika amri, pasipo picha za kubonyeza. Masomo haya yanawafaa wanafunzi wa madarasa ya juu ya shule ya msingi, lakini hapana budi mwalimu ayafanye kwanza yeye mwenyewe chuoni, hatua kwa hatua, kabla ya kuyapeleka darasani.

Mfumo endeshi ni programu ya msingi inayosimamia kazi zote za kompyuta: kumbukumbu, diski, kibodi na kioo. Bila mfumo huo kompyuta ni sanduku tu. Mstari wa amri ni mahali katika kioo ambapo mtumiaji huandika neno, hubonyeza kitufe cha Enter, na mtambo hutenda alichoambiwa. Mfumo tutakaoutumia kama mfano huitwa Alpine Linux. Ni wa chanzo huria, maana yake kila mtu anaruhusiwa kuutumia, kuusoma ulivyoandikwa, kuurekebisha na kumgawia mwenzake bila kulipia leseni.

Kwa nini somo hili?

Tuchukue mfano wa shule ya msingi iliyoko Kimali, mkoani Simiyu. Mkoa huu ulianzishwa mwaka 2012, na makao makuu yake ni Bariadi. Wakazi wake wengi ni wakulima wa pamba na nafaka, na wafugaji wa ng'ombe. Shule ya namna hiyo ikipata kompyuta, yaelekea itapata moja, nayo itakuwa imekwisha kutumika kwingine kwa miaka kadhaa. Mfumo uliomo ndani yake mara nyingi ni wa zamani. Windows 7, mathalani, iliacha kupewa marekebisho ya usalama na watengenezaji wake mwaka 2020, na Windows 10 ilifikia ukomo wa huduma hiyo ya kawaida Oktoba 2025. Kompyuta yenyewe bado ni nzima, ila mfumo mpya wa kibiashara huenda ukawa mzito mno kwake. Mfumo mdogo wa chanzo huria waweza kuirudisha kazini, kwani Alpine ukisimikwa bila nyongeza huhitaji kiasi cha megabaiti 130 tu za diski.

Hata hivyo kuna jambo la kuogopwa. Kompyuta hiyo hiyo moja huenda ndiyo inayohifadhi alama za mitihani za mihula iliyopita, orodha ya wanafunzi na barua za shule. Kusimika mfumo mpya juu ya diski nzima hufuta kila kilichomo. Herufi moja ikiandikwa visivyo, kazi ya miaka huweza kupotea kwa dakika moja. Kwa sababu hiyo hatuwezi kulifundisha somo hili kama orodha ya maneno ya kukariri.

Historia fupi

Yafaa mwalimu ajue mambo haya yalikotoka ili aweze kuyajibu maswali ya wanafunzi.

Mwaka 1969, Ken Thompson na Dennis Ritchie wa maabara ya Bell nchini Marekani walianza kuunda mfumo endeshi ulioitwa Unix. Mtumiaji wake aliandika amri fupi fupi, na kila amri ilifanya kazi moja. Mwaka 1983 Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, wenye nia ya kutengeneza mfumo wa namna hiyo ambao watu wote wangekuwa huru kuutumia na kuurekebisha. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, alitoa kiini cha mfumo kilichokuja kuitwa Linux. Alpine ni mmoja wa mifumo mingi iliyojengwa juu ya kiini hicho.

Nchini Tanzania, kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uagizaji wa kompyuta na vifaa vyake bila idhini maalumu, na masharti hayo yalilegezwa pole pole katika miaka iliyofuata. Sera ya Taifa ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano ilitolewa mwaka 2003. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliowashirikisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisini zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Tafsiri hiyo iliwezekana kwa kuwa programu zenyewe zilikuwa za chanzo huria, na wenye lugha hawakuhitaji kumsubiri mfanyabiashara aone faida.

Mwalimu atakumbuka pia kwamba andiko la Mwalimu Nyerere la mwaka 1967, Elimu ya Kujitegemea, lilitaka shule imjenge mwanafunzi mwenye udadisi na uwezo wa kuamua mwenyewe. Mwanafunzi anayebonyeza picha asiyojua inatenda nini hajajitegemea bado. Vile vile yule anayenakili amri asiyoielewa hajajitegemea, hata kama kompyuta imewaka.

Makosa ya aina mbili

Hili ndilo fundisho kuu la makala hii, na masomo yote matatu yanalihudumia.

Katika mstari wa amri kuna makosa ya aina mbili. La kwanza ni kosa linalokataliwa. Mwanafunzi anataka kuandika fdisk, anaandika fdsk. Mtambo unautafuta msamiati huo, hauuoni, na unajibu kwa ujumbe unaoishia na maneno "not found", yaani "haikuonekana". Hakuna kilichoharibika. Mwanafunzi husoma ujumbe, husahihisha na kuendelea. Kosa la namna hii lisimtie mwanafunzi hofu, wala mwalimu asimkaripie kwalo. Limfundishe kusoma majibu.

La pili ni kosa linalotiiwa. Mwanafunzi anataka kutaja diski ya sda, anataja sdb. Amri ni sahihi kwa tahajia na kwa muundo. Mtambo hauna namna ya kujua nia ya mwandishi, nao hutii. Hautoi ujumbe wowote wa kulalamika, na kioo huonyesha kazi imekwenda vizuri. Kosa limo katika uhusiano kati ya amri na hali halisi ya vitu, na binadamu peke yake ndiye awezaye kuliona, tena kabla ya kubonyeza Enter.

Walimu wengi wapya hutumia nguvu zao zote kupambana na kosa la kwanza kwa sababu linaonekana. Husahihisha tahajia, hukaririsha amri, na mwanafunzi akiandika bila kukataliwa humpongeza. Kwa kufanya hivyo humzoesha kuamini kwamba ukimya wa mtambo ni dalili ya usahihi. Hiyo ndiyo njia inayompeleka kwenye kosa la pili.

Mfano wa shambani utawasaidia wanafunzi wa Simiyu. Baada ya mavuno ya pamba, mkulima hutakiwa kung'oa masalia na kuyachoma ili wadudu wasipate mahali pa kuishi hadi msimu ujao. Kuchoma ni jambo jema na la lazima. Lakini moto hauulizi kama pamba yote imekwisha kuchumwa, wala kama shamba hili ni lako au la jirani. Maswali hayo huulizwa na mkulima kabla ya kuwasha kiberiti. Kufuta diski ni vivyo hivyo.

Kutokana na hayo tunapata kanuni ya hatua tatu ambayo iandikwe ubaoni katika kila somo:

Uliza. Soma. Ndipo uamuru.

Maandalizi ya mwalimu

Siku kadhaa kabla ya somo, mwalimu atekeleze mambo yafuatayo.

(a) Ahifadhi kwanza. Ikiwa mfumo wa zamani bado unafunguka, anakili kumbukumbu zote za shule katika flashi, kisha aifungue flashi hiyo katika kompyuta nyingine na kuhakikisha kwamba mafaili yanasomeka. Alama za wanafunzi azichapishe au aziandike pia katika daftari. Nakala ambayo haijajaribiwa kufunguliwa isihesabiwe kuwa nakala.

(b) Apate faili la mfumo. Faili hilo hupatikana bila malipo katika tovuti ya Alpine, na lina ukubwa wa megabaiti mia chache. Achague aina inayolingana na kompyuta: kompyuta za zamani sana ni za biti 32, nyingi za baadaye ni za biti 64.

(c) Ahakikishe faili ni zima. Tovuti hutoa, pamoja na faili, alama ya utambulisho yenye tarakimu na herufi 64 iitwayo SHA-256. Katika kompyuta yenye Linux, amri sha256sum ikifuatwa na jina la faili hutoa alama ya faili ulilonalo. Katika Windows, kazi hiyo hufanywa na certutil -hashfile, ikifuatwa na jina la faili na neno SHA256. Alama mbili zikilingana, faili limefika salama. Kazi hii yafaa kuwapa wanafunzi wawili, mmoja akisoma kwa sauti na mwingine akifuatisha kwa kalamu.

(d) Aandike faili katika flashi nyingine tupu. Faili la mfumo halinakiliwi kama barua ya kawaida. Huandikwa kwa programu maalumu, mathalani Rufus kwa wenye Windows. Kazi hiyo nayo hufuta flashi nzima, kwa hiyo kanuni yetu inaanza kutumika hapa hapa.

(e) Ahakikishe umeme. Kompyuta ya mezani isianze kusimikwa wakati umeme unakatika-katika, au wakati betri za sola zimeshuka. Laptopu ichajiwe ijae.

Somo la kwanza: Mtambo wa watu

Muda: dakika 40. Zana: ubao, chaki na kadi za karatasi ngumu. Kompyuta haihitajiki.

Katika darasa lenye wanafunzi wengi na kompyuta moja, somo la kwanza lifanywe bila kompyuta kabisa. Mwalimu achague wanafunzi wanne. Mmoja awe Mtambo. Wawili wawe diski, kila mmoja akishika kadi iliyogeuzwa yenye jina la diski, ukubwa wake, na vitu vilivyomo, kwa mfano "alama za mitihani" au "tupu". Wa nne awe Mwandishi, naye aandike amri ubaoni. Amri za mchezo ni mbili tu: orodhesha, ambayo humfanya Mtambo asome majina na ukubwa wa diski, na futa, ikifuatiwa na jina la diski, ambayo humfanya Mtambo achukue kadi na kuichana.

Mtambo apewe masharti makali. Asikisie, asionye, asisaidie. Akiandikiwa neno asilolijua, aseme "haikuonekana". Akiandikiwa amri sahihi, atii mara moja.

Mazungumzo yafuatayo yaonyesha namna somo linavyoweza kwenda.

Mwalimu: Mwandishi, tunataka kufuta diski iliyo tupu. Andika amri.
Mwandishi (anaandika): fta sda
Mtambo: Haikuonekana.
Mwalimu: Kuna kilichoharibika?
Darasa: Hapana, mwalimu.
Mwandishi (anaandika): futa sda
(Mtambo anachana kadi ya sda. Kadi inageuzwa: "alama za mitihani".)
Mwalimu: Mtambo, kwa nini hukumwonya mwenzako?
Mtambo: Hakuniuliza, mwalimu.

Jibu hilo, au linalofanana nalo, ndilo lengo la somo. Mwalimu asiharakishe kulisema yeye. Kadi iliyochanwa ibandikwe ukutani na ikae hapo hadi mwisho wa masomo yote.

Kisha mchezo urudiwe, safari hii kwa kuongeza mtu wa tano, Msomaji. Kazi yake ni kuisoma amri herufi kwa herufi, nafasi kwa nafasi, kabla Mtambo hajatii, na kueleza kwa Kiswahili itatenda nini na juu ya kitu gani. Darasa likikubali, Msomaji aseme "Enter". Majukumu yazungushwe ili kila kundi lishiriki.

Somo la pili: Kuuliza mtambo

Muda: dakika 80. Zana: kompyuta, flashi yenye Alpine, madaftari ya hesabu.

Kabla ya kuwasha, flashi nyingine zote ziondolewe. Flashi yenye nakala ya alama iwe kabatini, mbali na kompyuta. Kompyuta iwashwe kwa kutumia flashi ya Alpine. Katika kompyuta nyingi kitufe cha kuchagua ni F12, F2, Esc au Del, kulingana na mtengenezaji. Mtambo utakapouliza jina, andika root na ubonyeze Enter. Neno la siri halijawekwa bado.

Hapa mfumo unaendeshwa kutoka katika flashi, na diski ya kompyuta haijaguswa. Mwalimu alieleze darasa jambo hili waziwazi, kwa maana huondoa hofu.

Wanafunzi watazame alama iliyo mwanzoni mwa mstari. Alama # yaonyesha kwamba anayeandika ni root, mwenye mamlaka yote, kama mtu aliyeshika funguo zote za shule. Mtumiaji wa kawaida huonyeshwa alama $. Kila Msomaji aanze kwa kuitaja alama hiyo.

Swali la kwanza kwa mtambo ni hili:

cat /proc/partitions

Amri cat husoma faili na kulionyesha. Haibadilishi kitu. Majibu yake yataonekana kwa namna hii, ingawa tarakimu zitatofautiana kwa kila kompyuta:

8    0    312571224    sda
8   16     15138816    sdb

Safu ya tatu ni idadi ya vipande vya diski, na kila kipande kina baiti 1,024. Mistari mingine yaweza kuonekana, kama sda1, ambayo ni sehemu ya sda, au loop0, ambayo si diski ya kusimikia. Kompyuta za karibuni zaidi huweza kuonyesha jina kama nvme0n1 badala ya sda.

Sasa hili liwe somo la hesabu. Wanafunzi wazidishe:

312,571,224 × 1,024 = 320,072,933,376

Gigabaiti moja ni baiti bilioni moja, basi diski ya sda ni ya gigabaiti 320 hivi. Kwa sdb:

15,138,816 × 1,024 = 15,502,147,584

Hiyo ni gigabaiti 15 na nusu, ukubwa wa kawaida wa flashi inayouzwa kwa jina la gigabaiti 16. Hivyo sda ni diski ya kompyuta, na sdb ni flashi. Wanafunzi wakimaliza, mtambo wenyewe uhakikishe hesabu yao:

echo $((312571224*1024))

Amri ya pili, fdisk -l, hutoa habari hizo hizo kwa namna nyingine. Majibu ya amri mbili tofauti yakikubaliana, ushahidi wetu ni mzuri zaidi kuliko jibu moja.

Mwalimu aiambie tena hadhira yake jambo hili: majina sda na sdb si ya kudumu. Mtambo huyagawa kadiri unavyozikuta diski wakati wa kuwaka. Katika kompyuta nyingine flashi yaweza kuwa sda. Mwanafunzi aliyekariri kwamba "sda ndiyo diski ya kompyuta" amekariri jambo ambalo siku moja litamponza. Aliyejifunza kuuliza ukubwa atafika salama popote.

Somo la tatu: Kusimika

Muda: dakika 80 hadi 120. Somo hili lahitaji mtandao. Pale ambapo shule haina, simu ya mwalimu huweza kuunganishwa kwa waya wa USB na kugawa mtandao wake. Mara nyingi njia hiyo huonekana kwa jina la usb0.

Andika:

setup-alpine

Programu hii huuliza maswali moja baada ya jingine. Mfuatano wake waweza kutofautiana kidogo kwa kila toleo, lakini mambo yenyewe ni haya:

1. Mpangilio wa kibodi. Jibu us, kisha us tena, latosha, kwa maana herufi zote za Kiswahili zimo katika kibodi hiyo. Hata ng' ya ng'ombe huandikwa bila shida.

2. Jina la kompyuta. Chagua jina fupi lisilo na nafasi, mathalani kimali1.

3. Njia ya mtandao. Eth0 ni ya waya wa mtandao, usb0 ni ya simu. Jibu dhcp huagiza anwani itolewe na mtandao wenyewe.

4. Neno la siri la root. Linapoandikwa halionekani kiooni, hata kwa nyota. Wanafunzi wajulishwe mapema, la sivyo watadhani kibodi imeharibika. Neno hilo liandikwe na kufungiwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

5. Eneo la saa. Jibu ni Africa/Dar_es_Salaam.

6. Programu ya kurekebisha saa na mahali pa kuchukulia programu. Majibu yanayopendekezwa na mtambo yatafaa.

7. Mtumiaji wa kawaida. Weka jina kama mwalimu. Kazi za kila siku zifanywe kwa jina hili, si kwa root.

8. Diski. Hapa mwalimu asimamishe kazi.

Mtambo utaorodhesha diski na kuuliza itumike ipi. Darasa lirudi kwenye madaftari ya somo la pili na kutazama: diski ya gigabaiti 320 iliitwaje leo? Neno "leo" lina uzito wake, kwani kompyuta imezimwa na kuwashwa tangu somo lililopita. Ikibidi, toka katika programu kwa Ctrl na C, uulize tena kwa cat /proc/partitions, kisha uanze upya. Hakuna hasara katika kuanza upya kabla ya hatua hii.

Baada ya jina la diski, mtambo utauliza itumikeje. Jibu sys, maana yake mfumo mzima ukae katika diski. Ndipo litokeapo onyo lenye neno "erase", yaani "futa", likitaja diski itakayofutwa. Ukibonyeza Enter bila kuandika y, mtambo utahesabu kuwa umekataa. Waliounda programu hii walijua uzito wa jibu, wakapanga kwamba uzembe uwe sawa na "hapana". Mwalimu awaulize wanafunzi kwa nini ilipangwa hivyo.

Msomaji asome onyo lote kwa sauti na kulieleza kwa Kiswahili. Mwalimu aulize maswali matatu: Diski hii ni ya ukubwa gani? Tulijuaje? Vilivyokuwamo vimehifadhiwa wapi? Majibu yote matatu yakipatikana, mwanafunzi aandike y.

Kazi ikimalizika, andika reboot, na uitoe flashi wakati kompyuta inapozimika ili iwake kwa diski yake yenyewe. Ingia kwa root, na uongeze programu ya kuandikia:

apk add nano

Kisha toka kwa exit, uingie kwa jina la mwalimu, na uandike nano barua.txt. Shule sasa ina kompyuta ya kuandikia barua na orodha. Baadaye, ikiwa kumbukumbu yake yatosha, amri setup-desktop itaongeza mazingira ya picha. Kuzima, root huandika poweroff.

Kukazia maarifa: Saa

Andika date. Mwanafunzi aliyetazama saa ya ukutani atasema ni saa tatu na robo asubuhi. Mtambo utaonyesha 09:15. Hakuna aliyekosea. Waswahili tunaanza kuhesabu saa za mchana jua linapochomoza, mtambo huhesabu tangu usiku wa manane, na tofauti ni saa sita. Lakini mtambo ukionyesha 06:15, basi eneo la saa halikuwekwa, kwa sababu Tanzania iko mbele ya saa ya kimataifa kwa saa tatu. Hapa pia mtambo hautalalamika. Utaandika saa isiyo sahihi katika kila faili, kwa utiifu kamili. Ni kosa linalotiiwa, japo dogo, na mwanafunzi aweza kulitambua kwa kulinganisha na hali halisi.

Tathmini

Mwalimu asipime somo hili kwa kuuliza "Amri ya kusimika ni ipi?" Swali hilo hupima kumbukumbu. Amwekee mwanafunzi kioo, au karatasi iliyochorwa kama kioo, chenye diski mbili ambazo majina yake yamebadilishana, na amtake aeleze atafanya nini. Atakayeandika jina la diski mara moja hajafuzu, hata kama kwa bahati amepatia. Atakayesema, "Kwanza nitauliza ukubwa," amefuzu.

Hali kadhalika mwalimu ajipime mwenyewe. Je, alimsifu mwanafunzi kwa wepesi wa kuandika au kwa uangalifu wa kusoma? Je, alimwacha aone kosa dogo likikataliwa, au alimrukia na kumsahihishia? Darasa huthamini kile ambacho mwalimu hukitolea sifa.

Mwisho

Toleo la Alpine litabadilika, maswali ya programu yataongezeka au kupungua, na kompyuta ya leo itakwisha. Mwanafunzi wa Kimali atakayekuwa karani wa chama cha ushirika ataandika uzito wa pamba katika safu ya mtu, na mtambo utaipokea namba yoyote atakayoandika. Atakayekuwa mwuguzi ataandika kipimo cha dawa. Katika kazi hizo zote, kosa lenye kuumiza watu ni lile lisilokataliwa. Kwa hiyo shule isimfundishe kuandika amri tu bila kumfundisha kuuliza.

Maswali ya kujadili chuoni

1. Taja kosa moja linalokataliwa na kosa moja linalotiiwa katika somo la Hisabati, na jingine katika uandishi wa barua. Ungelifundishaje kila moja?

2. Andaa somo la Mtambo wa watu kwa darasa la wanafunzi 70 wasio na kompyuta. Utawagawaje ili kila mmoja awe Msomaji angalau mara moja?

3. Shule imepata kompyuta ambayo mfumo wake wa zamani haufunguki tena, na inasemekana alama za miaka mitatu zimo ndani. Je, ungesimika mfumo mpya? Eleza ungeuliza nini, ungemwuliza nani, na kwa mpangilio upi.